Kutoka Posho hadi Baa: Bia katika Vyuo Vikuu vya Uingereza

Koleji ya Queen's, mojawapo ya koleji za Chuo Kikuu cha Oxford, ilipika bia yake yenyewe hadi mwaka 1939. Ilikuwa imeanzishwa mwaka 1341, na jiko lake la bia ndilo lililokuwa la mwisho kufanya kazi miongoni mwa koleji za mji huo. Vyombo vyake vilikuwa vya mbao za mwaloni, na kazi iliendeshwa kwa namna ambayo mpishi wa karne kadhaa nyuma angeitambua bila kuelekezwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, moto wa jiko hilo ukazimwa.

Bia na mwanafunzi wa Kiingereza vikitajwa pamoja siku hizi, picha inayokuja ni ya baa iliyojaa na kelele za usiku wa Ijumaa. Picha hiyo ni ya juzi tu. Kwa karne nyingi bia ilikuwa sehemu ya posho ya mwanafunzi, ikiwekwa mezani pamoja na mkate, na aliyeipika ni chuo chenyewe.

Oxford na Cambridge ni miungano ya koleji, na kila koleji ni kama kaya kubwa yenye ukumbi wa chakula, kanisa, vyumba vya kulala, mashamba na wapangaji wake. Kongwe kuliko zote za Cambridge, Peterhouse, ilianzishwa mwaka 1284. Kaya ya Kiingereza yenye uwezo, enzi hizo, ilioka mkate wake na kupika pombe yake, na koleji zilifuata desturi hiyohiyo. Stoo ya mapipa ilijengwa karibu na ukumbi ili pombe isibebwe mbali, na msimamizi wake aliandika daftarini kila alichochukua mwanafunzi, kiasi kwa kiasi, ili hesabu ilipwe mwisho wa muhula.

Upishi wenyewe hauna mambo ya ajabu kwa mtu aliyewahi kuona togwa au mbege ikitengenezwa, kwa kuwa msingi ni kimea. Shayiri ililowekwa, ikaachwa iote, ikakaushwa kwa moto na kusagwa chengachenga. Unga huo ulimiminiwa maji ya moto ndani ya pipa pana, ukakaa mpaka utamu wa nafaka ukatoka na kuingia majini. Maji ya kwanza kuchujwa yalikuwa mazito na matamu, na hayo yalitoa pombe kali ya sikukuu na ya meza ya wakubwa. Machicha hayakutupwa. Yalimiminiwa maji mara ya pili, pengine ya tatu, na kile kilichochujwa kikatoa pombe nyepesi yenye kilevi kidogo, karibu na hali ya togwa iliyoanza kuchacha. Hiyo nyepesi ndiyo waliyokunywa wanafunzi kila siku, hata asubuhi, na wengi wao walikuwa vijana wa miaka 14 au 15.

Husemwa mara kwa mara kwamba watu wa zamani walikunywa bia kwa sababu maji yote yalikuwa machafu. Maelezo hayo yametiwa chumvi. Visima na chemchemi vilikuwepo na watu walikunywa maji. Bia ilipendwa kwa sababu ilishibisha, na kwa kijana aliyeamka kabla ya mapambazuko kusikiliza mhadhara wa Kilatini katika chumba kisicho na moto, kopo la pombe na kipande cha mkate ndivyo vilivyokuwa kifungua kinywa.

Nje ya koleji, wapishi wengi wa pombe walikuwa wanawake waliouza nyumbani kwao, kama ilivyo kwa busaa katika mitaa mingi ya Afrika Mashariki. Pombe yao haikutiwa hopsi, yale maua machungu ya mmea utambaao ambayo leo ndiyo roho ya bia. Hopsi ziliingia Uingereza kutoka Uholanzi na Ubelgiji ya sasa, zikaenea katika karne ya 15, na faida yake kubwa ilikuwa kuifanya bia idumu bila kuharibika. Kabla ya hapo uchungu ulitafutwa kwenye majani ya porini. Kumbukumbu ya ladha hiyo imebaki Oxford hadi leo. Mara moja kwa mwaka, Sikukuu ya Kupaa Bwana, mlango mdogo kati ya koleji za Lincoln na Brasenose hufunguliwa, na watu wa Brasenose huingia kwa jirani kunyweshwa bure bia iliyotiwa mmea mchungu utambaao ardhini. Masimulizi ya koleji hizo yanasema kuwa hapo kale mwanafunzi wa Brasenose alikimbizwa na umati, akabisha Lincoln, akanyimwa mlango na akauawa. Bia hiyo ni fidia. Hata kama kisa hicho kimeongezwa maneno, majani yale ndani ya pipa ni ushahidi wa kweli wa jinsi pombe ya Kiingereza ilivyokuwa kabla ya hopsi.

Chuki kati ya mji na chuo, hata hivyo, ina kumbukumbu za maandishi, na chanzo cha tukio lake kubwa kilikuwa kinywaji. Tarehe 10 Februari 1355, siku ya Mtakatifu Scholastica, wanafunzi kadhaa waliketi katika baa ya Swindlestock, kwenye njia panda ya Carfax katikati ya Oxford. Walilalamika kuwa mvinyo waliouziwa ni mbaya. Mwenye baa akawajibu kwa ukali, nao wakamrushia mvinyo usoni na kumpiga. Kengele ya kanisa la mji ikalia kuwaita wenyeji, kengele ya kanisa la chuo ikalia kuwaita wanafunzi, na mapigano yakaendelea kwa siku tatu huku watu wa vijiji vya jirani wakija na silaha kuwasaidia wenyeji. Idadi inayotajwa kwa desturi ni wanafunzi 63 na wenyeji wapatao 30 waliouawa.

Mfalme Edward III aliamua upande wa chuo. Kila mwaka meya na raia wa mji walitakiwa kwenda kanisani kuomba toba na kutoa peni 63, moja kwa kila mwanafunzi aliyekufa. Adhabu hiyo ilidumu hadi mwaka 1825, meya alipokataa kuendelea nayo, na mapatano rasmi yakafanyika tarehe 10 Februari 1955, miaka 600 kamili baada ya damu kumwagika. Kwa historia ya bia, kilicho kizito zaidi katika hukumu ile ni kipengele kingine. Tangu miaka ya 1260 sheria ya Uingereza ilifunga bei ya mkate na pombe kwenye bei ya nafaka, na waonjaji maalumu walipita kwa wauzaji kukagua ubora na vipimo. Baada ya 1355, mamlaka hayo katika mji wa Oxford yalikabidhiwa chuo kikuu. Mpishi wa pombe aliyepunja kipimo au kupandisha bei alijibu mbele ya wasomi. Chuo kilikuwa mnywaji mkubwa, na sasa kikawa pia hakimu wa kila pipa lililouzwa mjini.

Mamlaka na mashamba viliifanya koleji iwe na kalenda yake ya bia. Siku kubwa ilikuwa ile ya ukaguzi wa hesabu, wapangaji wa mashamba walipokuja kulipa kodi. Kwa siku hiyo ilipikwa bia kali kuliko zote, iliyohifadhiwa muda mrefu kabla ya kufunguliwa, na ile ya Trinity, Cambridge, ilikuwa na sifa iliyovuka kuta za koleji. Mpangaji aliyetoka kulipa kodi ya mwaka mzima alipewa kopo lake kabla ya kupanda farasi kurudi nyumbani. Brasenose nao walikuwa na desturi ya Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu, ambapo msimamizi wa stoo alileta ukumbini bia iliyotiwa viungo pamoja na shairi jipya la kuisifu, lililotungwa na mwanafunzi. Jiko lao lilipobomolewa mwishoni mwa karne ya 19 kupisha majengo mapya, desturi ikakatika, ikaja kufufuliwa baadaye.

Palikuwa na bia ya adhabu pia. Katika kumbi za Oxford mtu aliyevunja adabu ya mezani, kwa mfano kwa kutaja jina la mwanamke, kuzungumzia masomo wakati wa kula, au kuja bila joho, alishtakiwa kwa kikaratasi kilichopelekwa kwa mkubwa wa meza, mara nyingi kwa Kilatini. Akionekana ana hatia, aliletewa chombo cha fedha chenye bia ya painti mbili na nusu, yaani karibu lita 1.4. Akiweza kuimaliza bila kupumua, gharama ilimwangukia mshtaki. Akishindwa alilipa yeye, na chombo kikazungushwa kwa wenzake. Adhabu hiyo iliitwa sconce, na asili yake ilikuwa faini ya kawaida ya pesa iliyoandikwa katika daftari la stoo. Hapa bia imeanza kutoka kwenye chakula na kuwa mtihani wa uanaume, na mabadiliko hayo yalileta madhara ambayo vyuo vinapambana nayo hadi sasa.

Majiko ya koleji yalizimika mojamoja katika karne ya 19 kwa sababu zinazoeleweka. London ilikuwa imeshajenga viwanda vikubwa vya pota, bia nyeusi iliyopendwa na wachukuzi wa mizigo tangu mwanzo wa karne ya 18. Chai na kahawa zilikuwa zimeiondoa bia nyepesi kwenye kifungua kinywa. Sheria ya mwaka 1830 iliruhusu karibu mlipakodi yeyote kupata leseni ya kuuza bia kwa ada ya gini mbili, na nyumba za bia zikaota kila mtaa. Kisha reli ikafika Burton-on-Trent mwaka 1839. Mji huo mdogo una maji yenye jasi nyingi, yanayotoa bia ya rangi nyepesi, safi na chungu, na reli iliisambaza nchi nzima. Pembetatu nyekundu ya kampuni ya Bass ya Burton ikawa alama ya kwanza ya biashara kusajiliwa Uingereza, mwaka 1876. Koleji iliyoweza kuagiza pipa lililo bora na kuletewa mlangoni haikuwa na haja ya kulipa mpishi na kuchoma kuni.

Wakati bia ilipokuwa ikitoka mikononi mwa vyuo, elimu ya chuo ilikuwa ikiingia viwandani. William Sealy Gosset, aliyesoma hisabati na kemia katika Koleji ya New, Oxford, aliajiriwa na Guinness mjini Dublin mwaka 1899. Kazi yake ilimlazimu kuamua ubora wa shayiri na hopsi kwa sampuli chache tu, ilhali takwimu za wakati huo zilihitaji sampuli nyingi. Alitafuta njia, na mwaka 1908 akaichapisha katika jarida la Biometrika. Mwajiri wake hakuruhusu wafanyakazi kuchapisha utafiti kwa majina yao, hivyo akatia jina la "Student", yaani mwanafunzi. Jaribio la t linalofundishwa katika kila darasa la takwimu duniani, Nairobi na Dar es Salaam zikiwemo, lilizaliwa katika kiwanda cha bia.

Mwanafunzi wa wakati huo aliyetaka kunywa nje ya koleji alijihatarisha. Kanuni za Oxford na Cambridge zilimkataza kuingia baa, na maofisa wa nidhamu, maprokta, walizunguka usiku wakifuatana na askari wa chuo waliovaa kofia nyeusi za duara. Walimsimamisha kijana mlangoni, wakamwuliza kwa heshima jina lake na koleji yake, na kesho yake akalipa faini. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaongeza vizuizi kwa taifa zima: saa za baa zilipunguzwa ili wafanyakazi wa viwanda vya silaha wasilewe, na baa zikawa zinafungwa mchana. Hatua hiyo ya dharura ilidumu hadi mwaka 1988. Bia yenyewe ilipunguzwa nguvu kwa uhaba wa nafaka. Mwaka 1923 Bunge lilipitisha sheria ya kukataza kuwauzia pombe baani walio chini ya miaka 18, muswada ulioletwa na Lady Astor, mwanamke wa kwanza kuketi katika Bunge hilo.

Makatazo ya chuo yalilegea pole pole katika karne ya 20, na baa zikawa sebule ya pili ya wasomi. J. R. R. Tolkien na C. S. Lewis, walimu wote wawili wa Oxford, walikutana na marafiki zao katika chumba cha nyuma cha baa ya Eagle and Child wakijadili vitabu mbele ya glasi za bia. Cambridge, mchana wa tarehe 28 Februari 1953, Francis Crick aliingia baa ya The Eagle, umbali mfupi kutoka maabara ya Cavendish. Kwa masimulizi ya mwenzake James Watson, aliwatangazia waliokuwa wakila kwamba wamegundua siri ya uhai, yaani umbo la DNA. Muda mfupi baadaye kijana wa Kiaustralia, Bob Hawke, alikunywa sconce yake Oxford ndani ya sekunde 11 na kuingia katika kitabu cha rekodi za dunia. Alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Australia kuanzia 1983 hadi 1991, na mwenyewe aliandika kwamba huenda hakuna jambo lililompatia kura nyingi kuliko lile.

Miaka ya 1960 ilileta kizazi kipya. Sussex, York, Lancaster, Warwick, Essex na Kent zilifungua milango, nyingi zikiwa zimejengwa pembezoni mwa miji, mbali na mitaa yenye baa. Vyama vya wanafunzi vikafungua baa zao ndani ya chuo, zikiuza kwa bei nafuu. Mwaka 1970 umri wa utu uzima ulishuka kutoka miaka 21 hadi 18, na chuo kikaacha kuwa mzazi wa mwanafunzi kisheria. Mwaka 1974 Brasenose ilikuwa miongoni mwa koleji tano za kwanza za wanaume Oxford kupokea wanawake.

Bia waliyoikuta vijana hao ilikuwa mbaya. Makampuni machache makubwa yalikuwa yamenunua viwanda vya mikoa na kuvifunga, na mahali pake yakaleta bia ya kegi: iliyochujwa, ikachemshwa kuua chachu, kisha ikasukumwa kwa gesi. Red Barrel ya Watney ndiyo iliyolaumiwa zaidi. Mwaka 1971 vijana wanne waliokuwa likizoni Ireland waliunda chama cha kutetea bia ya jadi, CAMRA, na wanafunzi wakawa miongoni mwa waliokiunga mkono. Mwaka 1974 tamasha la bia lilifanyika katika jumba la Corn Exchange, Cambridge, na tangu hapo mji huo umekuwa na mojawapo ya matamasha ya bia yanayoheshimika zaidi nchini.

Walichokitetea ni kitu hai. Bia ya jadi hufika baani ikiwa na chachu yake ndani ya pipa, ikiendelea kuiva. Mwenye baa huilaza chini ya sakafu kwenye ubaridi wa nyuzi 12 hivi, hutoboa kizibo cha juu kuacha hewa itoke, kisha husubiri siku moja au mbili hadi ukungu utulie. Hakuna gesi ya kuisukuma. Mhudumu huvuta mpini mrefu juu ya kaunta, mara mbili au tatu, na bia hupanda kwa nguvu za mkono wake. Ikishafunguliwa ina siku chache tu kabla haijachacha, kwa hiyo baa isiyo na wanywaji wengi haiwezi kuiuza vizuri. Mtaa wenye wanafunzi wengi una uhakika wa kumaliza pipa mapema, na bia yake hubaki nzuri.

Mapenzi ya mwanafunzi kwa bia fulani yalitegemea mji aliosoma. Oxford ilikuwa ya Morrells, kiwanda cha mjini kilichofungwa mwaka 1998, na ya Hook Norton kutoka kijiji cha kaskazini mwa mkoa, ambacho bado kinapika. Cambridge ilinywa Greene King ya Bury St Edmunds. Leeds ilikuwa na Tetley, iliyopikwa mjini humo tangu 1822 hadi 2011. Newcastle ilikuwa na Brown Ale, iliyoanza kuuzwa mwaka 1927. Hiyo ya Newcastle ina adabu yake: huuzwa kwa chupa kubwa pamoja na glasi ndogo, na mnywaji huijaza kidogo kidogo ili povu lisipotee. Kiwanda chake cha mjini kilifungwa mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Newcastle kikawa mmoja wa wanunuzi wa kiwanja hicho, ambako leo kuna maabara na madarasa.

Michezo ya kushindana kunywa nayo iliota mizizi. Cambridge kuna mbio za King Street, zilizoanza baada ya Vita vya Pili, ambapo mshindani alitakiwa kumaliza painti nane katika baa za mtaa mmoja. Leeds wanafunzi huvaa mavazi ya kuigiza na kuifuata barabara ya Otley baa kwa baa. Tangu 2016 ushauri wa waganga wakuu wa Uingereza ni kutozidisha vizio 14 vya kilevi kwa wiki, sawa na painti sita hivi za bia ya kawaida; painti nane za King Street zinapita kiwango cha wiki nzima katika jioni moja. Vijana wamekufa katika sherehe za kuwakaribisha wanachama wapya wa timu za michezo, na vyama vingi vya wanafunzi vimezipiga marufuku. Wanafunzi wasiokunywa kabisa, kwa dini au kwa hiari yao, wamekuwa wengi kiasi kwamba wiki ya kwanza ya mwaka wa masomo sasa hupangiwa shughuli zisizo na pombe, na mahali pengi baa ya chuo hutengeneza kahawa mchana kutwa.

Eagle and Child ilifunga milango mwaka 2020. Ng'ambo ya barabara iko Lamb and Flag, walikohamia Lewis na wenzake mwaka 1962. Baa hiyo ni mali ya Koleji ya St John's, na kwa miaka mingi faida yake ilitumika kuwalipia ada wanafunzi wa shahada za juu. Nayo ilifungwa Januari 2021, wakati wa janga la Uviko-19. Oktoba 2022 ikafunguliwa upya, ikiwa imekodishwa kwa kundi la wakazi na wapenzi wake.